Viazi vya Mtu Mmoja

Wanangu walinipeleka Gisenyi ili nisimwone mtu. Ndiyo zawadi waliyonichagulia nilipohitimu masomo ya jioni, mimi bibi mwenye wajukuu, niliyekuwa nikibanana dawati moja na vijana wanaonukia mafuta ya nywele. "Mama, nenda ukapumzike," binti yangu mkubwa alisema. "Hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna wa kukuita." Wakachanga, wakakodi fleti kwenye mteremko unaotazama ziwa, wakanipakia kwenye basi pale Kigali kama mzigo wa vioo.

Fleti ilikuwa nzuri mpaka ikanitia hofu. Kitanda chake kingelaza ukoo mzima, na bado wangebaki na nafasi ya kugombana. Kutoka barazani nililiona Ziwa Kivu lote. Lakini mimi sijawahi kulala nyumba ninayopumua peke yangu. Karagwe nilikokulia tulilala kama dagaa kwenye gunia, na Kigali nimelea wanangu pamoja na wa dada yangu. Jioni ya kwanza friji iliponguruma, niliitikia: "Abee!"

Asubuhi nikatoka kutafuta watu. Ufukweni walikuwepo tele: vijana wakipigana picha, wapenzi wameshikana mikono, wanaume wakikimbia kwa kundi huku wakiimba. Niliwasalimia wote. Waliitikia vizuri sana, wakapita. Nikaingia duka la vitenge, nikavishika vyote na kuvisifia mpaka muuzaji akaanza kunipenda, kisha akaingia mteja mwenye nia ya kununua. Nikapanda gari la Rubona. Kule kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, na watu hukaa wameloweka miguu. Nami nikaloweka yangu pembeni. Mwanamke wa karibu alinitabasamia, na nikawa tayari nimefungua mdomo nimsimulie maisha yangu yote, mumewe akaja na mayai ya kuchemsha.

Mchana nikakaa mgahawani, nikaagiza brosheti ya mbuzi, mishikaki ya huku.

"Mama, tungojee mutu mwingine?" mhudumu aliuliza.

"Hapana, ni mimi tu."

"Bon." Akakibeba kiti kilichokuwa mbele yangu, akakipeleka kwenye meza iliyojaa watu. Mbuzi yule alikuwa laini, ila nilimtafuna kama kamba ya viatu.

Hapo ndipo nilipoamua. Kesho yake ningerudi nyumbani, na sikutaka kurudi bila kula na mtu hata mara moja. Nitapika. Nikaenda sokoni.

"Viazi ya Mudende hii, mama, iko muzuri," muuzaji akaniambia.

"Nipe vinne."

"Vine?" Aliwageukia wenzake. "Muko munasikia? Mama, uko unaenda kukula ama kupanda?"

Soko zima lilicheka, labda hata Goma, ng'ambo ya mpaka, walisikia. Nikamwambia ajaze mfuko. Nikaongeza nyanya, vitunguu na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, nikapanda ngazi nikihema kama trekta. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja sikujui. Sufuria kubwa kuliko zote kabatini ikajaa, nikahamia ya pili.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu alikaa mama wa rika langu, aliyevuka kutoka Goma na kupanga hapo kwa muda. Tulikuwa tumesalimiana kwenye ngazi. Nikapakua sahani, nikaifunika kwa sahani nyingine, nikagonga.

"Hodi, dada! Nimekuletea chakula kidogo." Kidogo! Kilikuwa na urefu wa volkano.

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Aksanti sana, mama. Mi nilisha kula."

"Basi utakula baadaye."

"Na tumbo iko mubaya leo. Utanisamehe." Nyuma yake, mezani, niliona ndizi ambazo hazijamenywa bado. Akafunga mlango polepole, kwa adabu kubwa.

Nilirudi na sahani yangu. Simu ikalia, binti yangu.

"Mama, umepumzika?"

"Nimepumzika mpaka mifupa inaomba kazi!"

"Umekula?"

"Kama malkia!"

Akacheka, akaniaga, akarudi kwenye shughuli zake. Nikabaki nikiitazama ile sahani iliyofunikwa, na ndipo akili ikanirudia. Nchi hii humpi mtu asiyekujua kinywaji kabla hujakionja mbele yake, na chakula vivyo hivyo. Watu huogopa sumu, na hakuna anayeona kuonja ni tusi. Kigali naonja bila kufikiri. Lakini mikono yangu ilijifunza kupeleka sahani Karagwe, ambako kufunika ndiyo heshima. Nimembishia hodi mtu asiyenijua, nimebeba chakula kilichofichwa, tena namhimiza akile nikishaondoka! Hata mimi nisingekigusa.

Nikachukua kigoda, kijiko na sufuria, nikaenda kukaa kwenye baraza la pamoja, mbele ya milango yetu miwili. Nikafunua mfuniko, nikaanza kula humo humo, kwa sauti, niseme ukweli.

Mlango wake ukafunguka kidogo.

"Mama, uko unakula inje?"

"Ndani kuna nafasi nyingi mno, dada."

Alicheka, akafunga mlango. Nikaendelea kula. Ziwa lilikuwa limeanza kupoteza rangi, na viazi vilikuwa vinapoa. Nilikuwa nimeshakata tamaa alipotoka tena, kiti mkono mmoja, mkono mwingine sahani yake ya ndizi na maharage. Akakaa, si karibu sana.

Nikamsogezea sufuria. "Onja basi sambaza."

"Kula tu, mama," akasema kwa upole. Akala ndizi zake. Ya tumbo hatukuyataja.

"Watoto yako iko wapi?" akauliza.

"Kigali. Wamenileta huku nipumzike mbali nao."

"Ya kwangu iko Goma." Akatazama upande ule, ng'ambo ya mpaka. "Mi niko nawangojea."

Nikaacha kutafuna kwa sauti. Tukala, kila mtu chake. Alipomaliza, hakuinuka. Alikaa na sahani tupu mapajani, nami nikachota kijiko kingine, na kingine tena, ingawa nilikuwa nimeshiba kabisa, ili mlo wetu usiishe.