Kipande Nilichokiruka

Baba yangu alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache wa mwanzo kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Kwa sababu hiyo nyumba yetu, huko Shinyanga vijijini, ilikuwa na viti vya kukunja, picha ya baba amevaa tai, na gazeti. Yeye mwenyewe alikaa Dar es Salaam majuma mengi. Yaliyorudi nyumbani ni maneno yake gazetini, yaliyoletwa na gari moshi yakiwa yamechelewa. Mimi, binti yake niliyekuwa darasa la sita, niliyasoma kwa sauti uani, mbele ya mama, bibi na baba mdogo. Nilisoma Kiswahili, kisha nikamfasiria bibi kwa Kisukuma.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ulienea uvumi kwamba watu watalazimishwa kuuza sehemu ya ng'ombe wao, kwa kuwa ardhi imechoka. Baba mdogo alikuwa na kundi dogo, na karibu lote lilikuwa mahari ya mwanawe. Wazee wa pande mbili walikwisha kukubaliana. Rafiki yake wa Geita alikuwa tayari kumtunzia ng'ombe hao kwa desturi yetu ya kubilisa: mifugo yako hukaa kwa mwenzio, yeye akanywa maziwa, wewe ukabaki mwenye mali. Lakini njia ya Geita ilipita katika pori lenye mbung'o, na ndama wangekufa. Hakutaka kuwahatarisha kwa uvumi tu. Ng'ombe wetu sisi walikuwa wamekwisha kwenda huko mwezi uliotangulia. Mama alisema ni kwa ajili ya malisho.

Gazeti lilipofika, baba mdogo alikuja kabla sijavua sare ya shule.

"Soma, mayu," alisema, akiniita "mama" kwa Kisukuma. "Kama kaka amesema watapunguzwa, kesho nawaswaga."

Nikasoma. Baba alikuwa amezungumzia malambo, kisha shule za wasichana. Katikati palikuwa na kipande kingine. Alisema kwamba mifugo ipunguzwe bila kuchelewa, na kwamba wanaoihamisha ili kukwepa amri waadhibiwe. Nilikisoma kwa macho mara mbili. Nikaona haya, kama mtu aliyemfumania mzazi wake. Nikajiambia kwamba gazeti limekosea. Nikakiruka.

"Na ng'ombe je?" aliuliza baba mdogo.

"Neno hilo halimo, Baba Mdogo."

Bibi akacheka. "Mwanangu huyo, ng'ombe wa jirani akikohoa hapati usingizi. Leo amewasahau?"

"Amekula samaki wa pwani, mama, amesahau maziwa," akajibu baba mdogo, naye akicheka. Akaenda zake amefurahi.

Amri ilitoka baada ya wiki chache. Mnadani ofisa alipita akichagua kwa fimbo, na jioni baba mdogo alirudi na majike wawili na dume aliyechechemea. Wazee wa upande wa pili walisubiri mwezi mmoja, wakamwoza binti yao kwingine.

Siku hizo ndipo mama aliponiambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kwamba ng'ombe wetu walihamishwa kwa barua ya baba. Aliiandika kabla hajasimama barazani. Baadaye, chuo kikuu, nilisoma mengi kuhusu mmomonyoko wa udongo, na nakiri kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Huenda ilikuwa kweli tupu. Lakini aliwatoa wake kwanza, na ndugu yake aliyelala hatua mia moja kutoka mlangoni kwetu hakuandikiwa hata mstari.

Baba alirudi kiangazi. Majirani walikuja kumpokea, na mmoja, aliyepoteza ng'ombe wengi, hakutoa mkono.

"Shikamoo, mheshimiwa. Tumesikia umetuuza."

Baba mdogo alisimama kabla baba hajafungua kinywa. "Koma! Binti yake mwenyewe alinisomea gazeti, neno kwa neno. Halimo." Akanigeukia. "Waambie, mayu."

Baba alinitazama. Katika uso wake niliona kwamba ameelewa nilichofanya, na kwamba kimempendeza. Akanitikisia kichwa kidogo, kama mwalimu kwa mwanafunzi aliyepata jibu. Sidhani kama ningesema kweli pasipo kutikisa kichwa kule.

"Limo," nikasema. "Nililiruka."

Nilitegemea baba mdogo amgeukie kaka yake, amtukane, amuulize kwa nini hakumwonya. Hakumtazama. Baba alikuwa mtu wa serikali, na nadhani moyoni baba mdogo alikuwa amekwisha kujiandaa kwa lolote litakalotoka huko.

"Na wewe, mayu?" aliniuliza, taratibu sana, kisha akachukua fimbo yake, akaenda kuwanywesha wale watatu.