Njia ya Waya

Mume wangu alikuwa mtu wa waya kwenye shamba la miwa. Si waya wa umeme wa majumbani. Ni ule uliotoka kiwandani, ukapita katikati ya miwa mpaka kwenye pampu za mtoni, ukileta habari: pampu inavuta, pampu imekwama. Kazi yake ilikuwa kuufuata kwa miguu, aone panya wametafuna wapi na jembe limekata wapi.

Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na waya ukipata moto umekwisha. Kwa hiyo alikwangua ukanda wa ardhi kandokando yake, lisiote hata jani. Sisi watu wa kambi ya wafanyakazi tukaufanya njia. Ndiyo iliyotufikisha kwenye makaburi yetu, nyuma ya miwa, karibu na pampu. Alipofariki tukampitisha humo humo. Waliombeba walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa mikoa mingi, na njia iliwatosha.

Nikahamia kijijini, kando ya barabara iendayo Ifakara. Kijana wetu akashika kazi ya baba yake. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, nilikwenda na jembe kupalilia kaburi. Hata goti lilipovimba nilikwenda.

Kisha zikaja redio. Kijana aliniambia tukiwa tunakula.

"Mama, waya unang'olewa. Kila pampu imewekewa kisanduku na antena. Habari inapita hewani."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inafika. Mafuriko yalikuwa yanakata waya, hii hayaikati."

"Basi ni nzuri. Na wewe je?"

"Wamenihamishia kiwandani. Nakaa kivulini natazama kioo cha kompyuta."

"Utaota kitambi."

Akacheka. Mimi sikucheka. "Na njia ataikwangua nani?"

Akaacha kula. "Redio haihitaji njia, mama."

Akawa anakwenda mwenyewe na jembe akitoka kazini, mpaka akaonywa kwamba ukanda ule utapandwa miwa. Nikamwambia aache. "Baba yako ameshakufa. Wewe una watoto wa kulisha." Nilisema kwa ukali ili asinibishie.

Nikaenda mimi kwa msimamizi wa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niachie upana wa mtu mmoja na jembe lake."

"Mama, nikikuachia wewe, kesho itakuja kambi nzima. Zunguka kwa barabara ya mtoni."

"Daraja la huko lilichukuliwa na maji, na wewe unajua."

Akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mpole. Alinikatalia kwa upole.

Novemba iliyofuata nikafika pale njia ilipoanzia. Miwa ilikuwa imenipita kimo. Nikaingia hivyo hivyo. Majani yalinichana mikono, na vile vigingi vya zege vilivyoshika waya, ambavyo ningevifuata, vilikuwa vimeng'olewa. Pampu niliisikia ikinguruma, lakini kila nilipogeuka niliisikia mbele yangu. Nikarudi nyumbani na jembe halijagusa udongo.

Sasa nasubiri moto. Shamba lile likishachomwa na kukatwa, panakuwa peupe kwa muda mfupi, kabla visiki havijachipua tena, nami napita. Mwaka mwingine ni Julai, mwaka mwingine Oktoba. Padri ana siku yake ya marehemu, mimi nafuata ya kiwanda.

Zamani majivu ya miwa yakiangukia nguo nilizoanika, niligombana na hewa. Siku hizi nayaacha yaanguke, nampigia kijana simu kwanza.

"Wamechoma lipi leo?"

"Si lile, mama. Bado."

Basi nakung'uta kanga, naianika upya.