Picha Nzima ya Prudensia

Watanzania wa Dallas walimpenda sana Ambilikile mpaka siku walipojua anachokifanya gerejini kwake, kitongojini Mesquite. Kabla ya hapo hapakuwa na harusi wala kipaimara kilichopita bila kamera yake. Kisha ikavuma kwamba anapiga watu wazima picha wakiwa hawana nguo, wanawake kwa wanaume, halafu eti anaziita sanaa. Mama Flaviana, mwenyekiti wa kila kamati ya harusi, ambaye hakuwahi kuiona hata moja ya picha hizo, akatoa hukumu: huyo asikanyage tena kwenye shughuli zetu. Simu ikanyamaza. Ambilikile akarudi kubeba boksi, vibarua vya maghalani.

Aliyemfuata hukohuko gerejini ni Prudensia, nesi wa Cedar Hill, mwanamke wa vicheko. Alikuwa ameondolewa titi la kushoto, na ugonjwa ulikuwa bado haujashiba.

"Kaka Ambi, hospitali nimevua nguo mbele ya kila mtu," alisema. "Hakuna aliyenitazama. Wametazama ugonjwa. Wewe nitazame mimi."

Ambilikile akainua mlango wa gereji kidogo, mwanga uingie kwa ubavu, akamwachia khanga mpaka awe tayari mwenyewe. Hakumgusa. Alipotaka Prudensia ageuze bega, aligeuza la kwake, naye akafuatisha. Mwishowe khanga ikashuka.

"Haya, maji nishayavulia nguo," Prudensia akasema, akaangua kicheko, na kamera ikalia papo hapo. Kovu lilionekana lote, na uso ulikuwa wa mtu asiyemwomba yeyote samahani.

Prudensia aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Nikifa watataka picha ya msibani. Wape hii. Nzima. Niahidi."

Akamwahidi.

Prudensia alipofariki, mdogo wake Rogers akaomba picha. Ambilikile akamtumia ile, nzima, kama alivyoahidi. Simu ikaita hapohapo.

"Bro, uko serious? Mama yetu yuko Bukoba, ataangalia msiba live!" Rogers akashusha sauti. "Lakini huo uso... zote za karibuni amekonda, hii tu ndiyo anacheka. Wewe mvishe. Uta-edit tu, nani atajua? Na Mama Flaviana kasema ukitusaidia picha ya msiba, ya nyuma yamekwisha."

Hapo ndipo Ambilikile alipovunja ahadi, na asisingizie majonzi. Alikuwa amechoka na boksi. Alikuwa amechoka kupitwa kanisani kama nguzo na watu waliokuwa wakigombania kumpakulia pilau. Akafungua picha zake za zamani za harusi, akatafuta mwanamke aliyekaa upande uleule, mwenye rangi ileile na gauni la heshima. Akampata, wa gauni la kijani. Akamkata kuanzia shingoni, akambandika chini ya kicheko cha marehemu. Kazi ilitoka safi, na usafi huo ndio uliomchukiza.

Msibani picha ilisimamishwa mbele ya ukumbi, kubwa, imezungushiwa maua. Watu walilia huku wameridhika. "Kapendeza jamani! Utadhani hakuumwa." Husemwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sasa Prudensia alikuwa na aibu gani ya kufichwa, kuugua? Ambilikile aliketi nyuma, akipewa mikono na walewale waliomsusa, na kila mkono ulimtia kinyaa.

Mama Flaviana aliisogelea picha kuaga. Akavaa miwani. Akaitazama, akaitazama tena, kisha akaja hadi kwenye kiti cha Ambilikile na kuinama.

"Mwanangu," alinong'ona, "hilo gauni si langu? Si nililivaa kwenye sherehe ya send-off ya binti yangu?"

"Ni lako, mama," alisema Ambilikile, bila kunong'ona. "Na kifua ni chako."