Waya wa Nyuma ya Jiko

Mimi ndiye niliyeufungua ule waya. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, mara nyingine bila hata kuulizwa, na kila nilipopata cheti kipya nilizidi kulikana kwa ufasaha. Nikiwa na cheti cha darasa la nane nilisema sijui. Nikiwa na shahada ya chuo kikuu nilikunja nne sebuleni kwa mjomba, nikaeleza jinsi chumvi inavyokula shaba taratibu mpaka kiungo kinaachia chenyewe. Watu walinielewa sana. Kosa likabaki mabegani mwa fundi mmoja ambaye hakuwa na cheti chochote.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la pili, ambalo limenitia aibu kuliko la kwanza. Niliufungua kwa sababu niliamini ni uchawi.

Tulikuwa tunakaa Temeke, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Baba alikuwa karani, mtu wa bara, Mkristo asiyekosa ibada, na nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa chache mtaani zenye umeme. Mama alihakikisha mgeni hamalizi dakika tano bila kulijua hilo: alikuwa akiwasha taa saa tisa mchana. Tulikuwa na taa tatu na soketi moja, sebuleni, ambayo ilikuwa ya baba na redio yake mpaka siku mjomba, mdogo wake mama, alipohamia kwetu na gitaa la umeme.

Wiki nzima mjomba alikuwa karani wa stoo bandarini. Jumamosi usiku na Jumapili alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Gitaa lilikuwa kuukuu, na amplifaya yake, kubwa kama kabati la vyombo, ilikuwa kuukuu zaidi. Vyote viwili viling'ata. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Akishika nyuzi huku nyayo ziko sakafuni, vidole vilitembewa na kitu kama siafu. Akisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, mdomo unachomwa. Wenzake wa bendi waliona ni sifa. "Gitaa lisilong'ata ni mbao tu," alisema mpiga ngoma, ambaye ngoma zake hazikuwa na waya hata mmoja. Mjomba akajitafutia dawa mwenyewe: katambuga za mpira wa gari, na kipande cha ubao cha kusimamia. Alikuwa anapiga dansi zima bila kushuka kwenye ubao ule, na wasichana wakadhani ni madaha.

Chumba cha uani kilipangwa na fundi umeme, mtu wa Kusini, mpole, ambaye alikuwa akifunga nyaya kwenye nyumba mpya huko Kinondoni. Jioni moja alimsikia mjomba akiguta, akaja, akaweka mgongo wa vidole vyake kwenye bati la amplifaya.

"Kaka, hiki chombo kinavuja."

"Kinavuja nini? Mie nakiona kikavu."

"Umeme. Unatoka huko ndani unakaa kwenye bati, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Kwa sasa njia yake ni wewe."

"Basi nitavaa katambuga mbili mbili."

"Vaa. Siku ukisahau moja, tutakuzika na nyingine."

Kesho yake alichimba shimo nyuma ya jiko, akapigilia humo fimbo ya shaba ndefu kuliko mimi. Akaizungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, maana mchanga wa Temeke, alisema, ni mkavu na haupokei umeme mpaka ubembelezwe. Kwenye kichwa cha fimbo akafunga waya, akauzungusha mara kadhaa, akaubana kwa kibano cha skrubu, kisha akaupitisha dirishani hadi kwenye bati la amplifaya. Kila jua lilipokuwa linazama alimwagia pale kopo la maji, kwa kuwa ardhi ikikauka kazi yote ni bure. Gitaa liliacha kung'ata siku hiyo hiyo. Katambuga zikawekwa mvunguni, zikawa za kwenye kumbi za dansi tu, ubao ukapelekwa jikoni kufunikia pipa.

Sasa upande wa pili wa ua wa makuti alikuwa anakaa mama mmoja Mzaramo, mama wa rafiki yangu, na mama huyo alikuwa na mtoto mchanga ambaye homa ilikuwa inamshika na kumwachia. Alichokiona yeye kupitia makuti ni hiki: mtu aliyetoka mbali amefukia shaba kwenye pembe ya nyumba, pamoja na mkaa na chumvi, ameifunga kwa kuizungusha, na kila magharibi anainyweshea maji huku midomo yake inacheza. (Alikuwa anaimba nyimbo za mjomba, vibaya.) Pwani hii hata mtoto anajua fingo ni nini: kitu kinachofukiwa uani ili balaa lisiingie, na balaa lisipoingia kwako, lina nyumba ya jirani. Hakuna aliyekuwa amemweleza mama yule kwamba umeme nao huzikwa kwa taratibu zile zile.

Mama yangu aliposikia alisema ni ushamba wa watu wa pwani. Kisha akaenda kuhakikisha msalaba wa mlangoni haujapinda.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko likizo kutoka shule ya bweni ya wamisionari. Rafiki yangu nilimkuta bombani, akageuza ndoo yake ili asinitazame.

"Mama kasema nisije kwenu."

"Kwa nini?"

"Si unajua."

"Kile ni kitu cha umeme."

"Umeme uko juu, kwenye nguzo. Wa kwenu nyie mbona uko chini?"

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kuoka keki ya zabibu kavu na kukunja shuka pembeni. Habari za umeme zilikuwa za wavulana.

"Mdogo wangu hanyonyi," akasema, na safari hii alinitazama. "Si lazima mkitoe. Anayekitoa kinamrudia. Kifungueni tu. Kikifunguliwa kinakwisha nguvu."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na ninaona kwamba maelezo yake hayakuwa na kosa hata moja.

Jumamosi mchana, mama yuko sokoni na wanaume wako kazini, nilikwenda nyuma ya jiko nikaufungua waya. Ncha yake nikaichomeka kwenye mkaa, ili anayepita aone kila kitu kiko kama kilivyokuwa. Nilinawa mikono. Jioni ile mtoto wa jirani alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya malaria, na asubuhi akanyonya. Rafiki yangu akaja kwetu na sahani ya vitumbua. Nilivila kwa moyo mweupe kabisa, nikijiona mkombozi wa mtaa.

Alasiri ya Jumapili hiyo bendi ilikuja kufanya mazoezi sebuleni. Mama alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu ya saruji bado inang'aa kwa maji. Mjomba alikuwa peku. Alikuwa ameacha katambuga kwa sababu alimwamini fundi, na hilo ndilo ninalolikumbuka ninapojaribu kujisamehe. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye nyuzi. Akanyoosha wa kulia kukisogeza kipaza sauti.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, kichwa kimeenda nyuma, meno yamebana, na sote tukadhani ni madaha mapya. Mpiga ngoma alicheka. Fundi alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa. Alisema, "Msimguse," akanyakua kigoda cha mbao, akaupiga waya wa amplifaya mpaka plagi ikatoka ukutani. Mjomba akaanguka, gitaa juu yake.

Alikuwa anapumua. Kwenye vidole vya mkono wa kushoto, pale zilipokuwa nyuzi, kulikuwa na mistari myeupe ya kuungua.

Fundi alipoona macho ya mjomba yamefunguka, alitoka moja kwa moja hadi nyuma ya jiko. Nikamfuata. Alipiga magoti, akauvuta waya kidogo, ukamjia mkononi. Aliitazama ile ncha muda mrefu.

"Mwanangu, kuna mtu kapita huku?"

"Sijaona mtu," nikasema. Na kweli, sikuwa nimeona mtu.

"Basi sikukaza," akasema. Hakuwa akizungumza nami.

Akarudi ndani akalisema hilo mbele ya bendi nzima, mbele ya mama, mbele ya majirani waliojaa mlangoni: kosa ni langu, sikukaza. Mjomba, mkono wake uko kwenye beseni la maji, alimsamehe hapo hapo. Mama hakumsamehe. "Fundi gani asiyejua kukaza skrubu?" aliuliza, na aliendelea kuuliza kila fundi alipopita uani, mpaka mwisho wa mwezi fundi akahama. Tulisikia ameacha na kazi ya Kinondoni. Mimi nilikuwa nimesharudi shuleni, na sikuficha nafuu yangu. Nilipata alama nzuri muhula ule.

Mkono wa mjomba ulipona, isipokuwa kidole kimoja kilichokuwa kizito. Alipiga gitaa miaka mingi baadaye, na kila sikukuu alikuwa akisimulia habari ya fundi aliyekaribia kumuua. Alikuwa anaisimulia vizuri. Nilicheka pale panapochekwa, na baadaye, kama nilivyosema, nikaongezea ile sehemu ya chumvi na shaba.

Mwaka jana nilialikwa Kibamba kuzungumza na walimu kuhusu uandishi. Mwalimu mmoja wa kike akanikaribisha kwake baadaye, akaniomba radhi kwa soda ya moto. Nguzo za umeme zilikuwa zimepita mbele ya mlango wake. Majirani wote walikuwa na friji.

"Baba hataki," alisema. "Alikuwa fundi umeme zamani, Temeke huko. Alifunga waya vibaya, mtu akapigwa shoti nusura afe. Sie watoto tumembembeleza mpaka tumechoka. Anasema mkono wake hauaminiki, na wa fundi mwingine hawezi kuukagua."

Mzee mwenyewe alikuwa shambani siku hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikunywa soda mpaka chini, nikasema, "Pole yake."

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikaenda Kinondoni kwa mjomba, ambaye sasa ni mzee wa kukaa barazani, nikamwamkia, nikamwambia fundi alikaza na mimi ndiye niliyefungua.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni fingo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakiinua kile kidole chake kizito, akakikunja na kukikunjua.

"Mie ulinipiga umeme tu," akasema, "na nilipona. Mpigie yeye."

Yule mwalimu alinipangia. Siku ya Alhamisi saa nne angemleta baba yake kwenye ofisi ya shule, ambako kuna simu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mimi si fundi, mama. Nani mwenzangu?"

"Ni yule binti wa Temeke. Mpwa wa mpiga gitaa."

"Yu hai?"

"Yu hai. Anakusalimu sana."

"Mungu mkubwa," akasema, na nikamsikia akivuta kiti.

Kurasa mbili zilinitoka kichwani. Nilisema, "Ule waya niliufungua mimi, baba. Jumamosi ile mchana, kwa kisu cha mezani."

Simu ilikuwa inakoroma. Mbali, watoto walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Skrubu ilizunguka kirahisi?"

"Hapana. Kisu cha kwanza kilipinda ncha, nikaenda kuchukua kingine. Nilifanya kwa mikono miwili mpaka kiganja kikatoka malengelenge."

"Kwa hiyo ilikuwa imekaza."

"Ilikaza sana, baba."

Alikiondoa chombo cha simu mdomoni, na nikamsikia akimwambia binti yake, polepole, kama mtu anayesoma barua: "Ilikuwa imekaza."