Ndala za Kijani Mbele ya Friji ya Ukweni

Nimewahi kupiga kelele ukweni siku ya kwanza kabisa, mbele ya wajomba wanne, nikiwa peku.

Na kelele zenyewe hazikuwa za kiume. Ngoja niwasimulie.

Naitwa Rogers. Nafanya kazi Kurasini kwa wakala wa forodha, kwenye makaratasi ya makontena. Mikono yangu inajua stepla na muhuri, basi.

Ila nilimpenda Atuganile. Atu naye alinipenda, na kwa kunipenda huko akamdanganya baba yake.

"Rogers ni mtu wa mikono," alimwambia. "Kitu kikiharibika haiti fundi, anafungua mwenyewe."

Ukweli ni kwamba nilishawahi kutengeneza pasi moja. Tena ilikuwa yangu, na ubovu wenyewe ulikuwa kwenye soketi.

"Kwa nini umesema hivyo?" nilimuuliza.

"Mchumba wa dada alikataliwa kwa sababu aliita fundi kubadilisha balbu. Na wewe unataka ukataliwe?"

Sikutaka. Baba yake, Mwalimu Gibson, amefundisha fizikia miaka thelathini na mbili. Akisema hapana, imetoka hiyo.

Basi wiki mbili nzima nikawa mwanafunzi wa simu. Video za kutengeneza blenda, za friji, za mashine ya kufulia. Nikanunua bisibisi testa, ile yenye kitaa ndani, nikaitundika kwenye funguo zangu ionekane na kila mtu.

Jumamosi tukaenda kujitambulisha, huko Mbweni. Nilikuwa na rafiki yangu Alfonsi, mshenga wangu. Nilimchagua kwa sababu anajua kuongea. Nilisahau kuangalia kama ni jasiri.

Mlangoni tukavua viatu kama kawaida. Sebule ya marumaru nyeupe, safi mpaka unaona aibu kukanyaga. Shikamoo zikapigwa kuanzia Mwalimu hadi mjomba wa mwisho.

"Mwanangu, usikae kigeni," Mama Atu akaniambia. "Maji yapo kwenye friji hapo, jihudumie."

Friji ilikuwa kwenye kona ya sebule. Mbele yake palikuwa na ndala jozi moja, za kijani, zimelika visigino.

Nikajisemea, hapa ndipo pa kuonyesha malezi. Nikainama, nikaziokota, nikazipanga vizuri ukutani.

Nikamsikia Atu nyuma yangu, "Roge, subi..."

Nikashika kishikio.

Ndugu zangu! Umeme ulianzia vidoleni, ukapanda begani, ukatokea mdomoni.

"MAMAAAA!"

"Abee!" Mama Atu akaitika kwa mazoea.

Alfonsi alishasimama na soda yake mkononi, anatafuta mlango.

"Friji inapiga shoti," nikasema.

"Tunajua," mjomba mmoja akanijibu kwa upole. "Ndiyo maana kuna ndala."

Kumbe ilikuwa sheria ya nyumba! Mwaka wa pili huo, hakuna anayegusa friji bila kuvaa ndala za friji. Zilikuwa na mahali pake na haziruhusiwi kwenda hata uani. Na mie kwa heshima zangu nilikuwa nimeziweka pembeni.

Mwalimu Gibson akakohoa kidogo.

"Ni chumvi," alisema. "Huku tuko karibu na bahari. Hewa ina chumvi, chumvi inapitisha umeme. Friji za huku zote ziko hivyo."

Wajomba wote wakaitikia kwa kichwa. Mama Atu akaangalia dari.

"Lakini tumeambiwa una mikono," Mwalimu akaendelea. "Hebu itazame."

Nikamwangalia Atu. Macho yake yalisema wazi kwamba nikiboronga hapa, hakuna harusi.

Nikakumbuka sheria ya kwanza ya video zote: kabla hujagusa chochote, chomoa plagi. Nikavaa zile ndala, nikachomoa. Nikaomba bisibisi kubwa, nikaketi sakafuni, nikaifungua plagi huku wajomba wamenizunguka.

Ndani kulitakiwa kuwa na nyaya tatu. Mbili zilikuwepo. Ule wa tatu, wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa mkato mnyoofu kabisa, na ncha yake imefungwa tepu nyeusi kwa ustadi mkubwa.

Huo ndio waya wa ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, usije ukapitia kwa Rogers.

Hapakuwa na chumvi pale. Palikuwa na mtu na koleo.

Nikainua macho. Mwalimu Gibson alikuwa ananitazama bila kupepesa. Mama Atu alikuwa ameinamisha kichwa. Atu anatafuna kucha.

Nikaelewa. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa shoti. Nikisema waya umekatwa, nimemwaibisha mzee mbele ya shemeji zake. Nikinyamaza, mie siyo fundi na Atu simpati.

"Vipi fundi, umeona nini?" mjomba akauliza.

"Panya," nikasema. "Panya wamekata waya."

"Aaah, panya!" wakasema wote.

"Panya wa huku wana meno makali sana," Alfonsi akachangia, na hajawahi kukaa Mbweni hata siku moja.

Nikauunganisha ule waya mahali pake, nikafunga plagi, nikachomeka, nikawasha.

Paa!

Nyumba nzima ikazima. Feni ikasimama. Kwaya kwenye runinga ikakatikia katikati ya pambio.

"Unaona!" Mwalimu akaruka kutoka kwenye kiti. "Hata mimi ilinifanyia hivyo hivyo!"

Halafu akasikia mwenyewe alichosema.

Wajomba wote wanne wakamgeukia.

"Ilikufanyia lini, baba Atu?" Mama Atu akauliza taratibu.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ile mwaka juzi. Ilikuwa kila ukiwasha, nyumba inazima. Nikakata ule waya, ikaacha kuzima. Nikajua nimeitengeneza."

"Na kesho yake ikaanza kutupiga," Mama Atu akasema. "Nami nikanunua ndala."

"Kumbe mlijua ni mimi?"

"Tulijua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Baba," Atu akasema, "nani wa kumwambia mwalimu wa fizikia?"

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani atatufukuza wote, na Alfonsi alidhani hivyo hivyo maana tayari alikuwa ameshika kiatu kimoja.

Badala yake Mwalimu akakunja suruali, akaketi sakafuni kando yangu.

"Chomoa kwanza," akaniambia. "Kama ukirudisha ethi nyumba inazima, basi kuna waya unagusa bati la friji. Tuutafute."

Tukaigeuza friji. Nikamulika na simu, yeye akachungulia. Nyuma kabisa, karibu na mota, waya mmoja ulikuwa unapita kwenye ukingo wa bati. Friji ikinguruma, waya unasuguliwa. Ulikuwa umechubuka mpaka shaba inaonekana.

"Huyu hapa mwanaharamu!" Mwalimu akapiga kelele kwa furaha. Sidhani kama wanafunzi wake waliwahi kumsikia akitumia neno hilo.

Tukaufunga tepu, tukausogeza mbali na bati, tukaukaza usicheze. Mjomba akapandisha swichi kubwa. Nikachomeka.

Friji ikanguruma. Taa zikabaki. Kwaya ikarudi.

Nikagusisha testa kwenye bati. Kitaa hakikuwaka. Lakini nani wa kushika kwa mkono? Hakuna aliyesogea. Miaka miwili ya ndala siyo mchezo.

Mwalimu Gibson akasimama. Peku. Akafumba macho, akashika kishikio.

Tukasubiri.

"Haipigi," akasema. Halafu kwa sauti kubwa, "Haipigi!"

Mungu wangu, ile furaha! Wajomba wakapanga foleni kuigusa friji. Mama Atu akaikumbatia kabisa, anacheka huku machozi yanamtoka. Alfonsi akaigusa mara tatu, akaanza kusimulia jinsi tulivyoitengeneza.

Tulipotulia, Mwalimu akaniita katikati ya sebule.

"Kijana, una kasoro mbili. Kwanza, siyo fundi. Plagi uliisoma kwenye video, nimekuona unavyohesabu nyaya kwa midomo."

Nikainama.

"Pili, ni muongo. Panya gani anakata waya kwa koleo, halafu anafunga na tepu?"

Hapo nikajua nimekwisha. Atu akafunika uso.

"Lakini ulidanganya ili mimi nisiaibike, na kazi umeifanya mpaka mwisho." Akaokota zile ndala za kijani, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nenda nazo. Siku ukikosea kwako, sema. Usiwavalishe watu ndala."

Mama Atu akapiga vigelegele. Nikashindwa kujizuia, nikalia na ndala zangu kifuani.

Sasa tunakaa Kawe, mie na Atu, mwaka wa pili wa ndoa.

Mwezi uliopita mashine yetu ya kufulia iligoma kuzunguka. Nikachomoa, nikafungua nyuma, nikaurudisha mkanda uliochomoka, nikafunga. Ikazunguka vizuri tu! Skrubu moja ilibaki, nikaiweka kwenye droo, nikasema ni ya akiba. Nikampigia simu Alfonsi kujisifu. Nikampigia na baba mkwe.

Jumapili asubuhi nikapita kwenye mashine.

Mbele yake zimepangwa ndala. Za kijani. Zimelika visigino.

"Atu, hizi ndala zimefikaje hapa?"

"Ndala zipi?" akaniuliza, anakunja nguo zake, anaangalia dari kama mama yake.

Ikabidi niite fundi wa kweli. Akafungua, akachungulia, akacheka.

"Waya wa ethi unaning'inia. Skrubu yake iko wapi? Nani alikuwa anachezea hii mashine?"

Atu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, anasubiri.

Neno "panya" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ni mie," nikasema. "Nimekosea. Skrubu iko kwenye droo."

Atu akaja, akaziokota ndala, akazirudisha kabatini. Halafu akanipa busu mbele ya fundi.

Fungueni vitu vyenu, ndugu zangu, msiogope. Chomoa plagi kwanza, na hakuna skrubu ya akiba. Ila ukimaliza, tazama sakafuni. Ukikuta ndala, kuna watu hapo ndani wanakupenda kiasi cha kuogopa kukwambia ukweli. Waambie wewe kabla hawajazivaa.