Mstari wa Ijumaa

Mwenye mdomo hubishiwa. Mwenye kalamu habishiwi. Hilo ndilo lililomponza Bwana Rula. Angekuwa mpiga porojo wa kawaida, mtu angemwambia mapema, "We bwana, acha zako," na mambo yangeishia hapo.

Lakini alikuwa mchora ramani, miaka kumi na tisa katika ofisi ya ramani, chumba cha pili kushoto ukishapanda ngazi, meza ya dirishani. Jina la Rula alipewa na wenzake kazini, maana hata mkate wa chai hakuukata kabla ya kufumba jicho moja na kuupima. Milima, mito, vijito, njia za mbuzi, vyote aliviweka kwenye karatasi bila kuchafua kiatu. Wapimaji ndio waliokwenda huko na kurudi na madaftari yenye matope. Yeye kazi yake ilikuwa kuyageuza madaftari hayo kuwa ramani. Na sebuleni kwake, juu ya televisheni, palikuwa na cheti chenye fremu: alipongezwa kwa kumaliza ramani ya milima wiki tatu kabla ya wakati. Mgeni akiingia asikitazame, atatafutiwa kiti kinachokielekea.

Aliyekiamini cheti kile kuliko wote alikuwa binti yake, wa miaka kumi na mmoja. Bibi yake, mama mzaa mama, alimbandika jina la Kidole, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikaa juu ya ramani za baba yake akifuata njia kwa kidole na kuuliza, "Hapa tumefika wapi?" Shuleni alishawatangazia wenzake kwamba milima yote imechorwa na baba yake. Kuna mmoja alibisha, wakapigana. Bwana Rula aliitwa na mwalimu, akaenda akiwa na uso wa huzuni, lakini moyoni alikuwa amevimba kwa majivuno.

Basi likizo ilipofika, mkewe akasema kama kawaida, "Si twende kwa dada?"

"Kila mwaka kwa dada!" akafoka Bwana Rula. "Tunahama kochi letu tunakwenda kukalia kochi la dada. Mwaka huu tunatembea. Siku nne kwa miguu, tunalala kwenye nyumba za wageni, tunapita milimani. Njia naijua."

"Umewahi kufika?"

"Nimeichora."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja. Alimtazama mumewe, akatazama cheti, akaenda kutafuta soksi. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, akasema haachwi nyuma, goti lake ni lake na halijamwomba mtu msaada. Wakaondoka wanne, Kidole mbele na ramani ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Daraja lilikuwa pale lilipochorwa, kisima pale pale. Kila walipokuta kitu Kidole alipiga kelele, "Kipo!" na Bwana Rula akajifanya hajasikia ili mtoto arudie.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, wakafika njia panda. Bwana Rula alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, akampa mkewe ramani. Mkewe akaisoma kwa utulivu, akasema, "Kushoto." Kidole akaweka kidole, akathibitisha: kushoto. Hapo hapo akauliza, "Baba, mbona njia zote zimepinda, hii hapa mbele imenyooka?"

"Watu wa huko wanajua wanakokwenda," akajibu baba yake, na mtoto akaridhika.

Hawakwenda mbali wakakuta ubao umepigiliwa kwenye mti. Ulikuwa mlango mzima, bado una kitasa, umeandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA NJIA. RUDINI.

Bwana Rula akacheka. "Hii janja ya wenye mashamba. Hawataki kupitiwa."

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "mtu hang'oi mlango wa nyumba yake akaja kuupigilia porini kwa utani."

"Mama, hebu tuulizane. Ubao wa mtu asiyejulikana na ramani ya serikali, utaamini kipi? Na ramani hii kachora nani?"

"Baba!" akaitikia Kidole, tayari keshaupita mti.

Kukawa hakuna la kusema tena. Wakapita. Nyasi zikarefuka mpaka kiunoni, na njia ikawa ni ya kudhania tu. Kidole alitangulia, macho kwenye ramani, kidole kwenye ule mstari ulionyooka. Ghafla mama yake akaruka, akalishika begi la mgongoni la mtoto na kulivuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili chali kwenye nyasi. Jiwe alilolikanyaga Kidole lilishuka peke yake. Walilisikia likigonga, likanyamaza, likagonga tena chini sana.

Palikuwa na korongo. Nyasi ziliishia ukingoni na ardhi nayo ikaishia hapo. Ng'ambo ya pili, Bwana Rula aliiona njia ikiendelea, nyekundu na nyembamba, inapanda mlima kama vile ilivyo kwenye ramani.

Na hapo ndipo alipokumbuka.

Alikumbuka madaftari mawili. La kwanza lilileta njia mpaka hapa, la pili lilianzia kule. Katikati mpimaji hakuandika kitu, na kwenye karatasi palibaki pengo la upana wa vidole viwili. Sheria ya ofisi ilikuwa nyepesi tu: pengo liachwe wazi, ijazwe fomu ya kuuliza, wapimaji warudi wakaangalie. Jibu lilichukua wiki tatu. Lakini ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu, wenzake wameshavaa makoti. Alichukua rula ya chuma, akaunganisha ncha mbili, akapuliza wino ukauke, akaenda nyumbani. Zile wiki tatu za kwenye cheti ndizo hizo. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita na hakuwahi kulifikiria tena.

Ungedhani hapo atasema. Mtoto wake yuko chini kwenye nyasi, mkewe kiwiko kinatoka damu. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na aibu ikimkuta mtu mwenye majivuno haimfungui mdomo kwa ukweli. Akajisikia anasema, "Nani alisema kushoto kule?"

Mkewe akainua uso. "Nini?"

"Pale njia panda. Nani alisema kushoto? Ramani haikusomwa vizuri."

"Nilisoma kilichochorwa."

"Hukusoma vizuri, mama Kidole."

Mkewe alijifuta kiwiko kwa kanga, akamsaidia mtoto kusimama, akamkung'uta nyasi mgongoni. Kidole alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, kisha akaitazama ramani muda mrefu. Yeye alikuwepo pale njia panda. Kidole chake mwenyewe kilikuwa juu ya ule mstari.

Wakarudi. Goti la mama mkwe likavimba, akawa anatembea kwa kumwegemea bintiye, akihema. Walipofika kwenye ule mlango uliopigiliwa mtini akasimama kupumzika. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Njia ya mwongo ni fupi." Bwana Rula akajitia kukagua kamba za viatu.

Nyumba ya kwanza waliyoiona ilikuwa na pazia jikoni badala ya mlango. Mwanamke akatoka ameshika sufuria, akaziona nyasi kwenye nguo zao.

"Mmetoka korongoni," akasema, na wala hakuwa anauliza. "Karibuni, kaeni. Bibi, leta mguu huo juu ya kiti. Pole sana, mama."

Akawaletea maji, akachemsha chai. Mumewe alikuwa amekaa ukutani, magongo mawili yameegeshwa pembeni, mtu wa mabega mapana ambaye bado mikono yake ilionyesha kazi. Akawauliza kama kuna aliyeumia. Bwana Rula, sijui ni nini kilichomsukuma, akawahi kujibu, "Tumepona. Mama Kidole hapa alikosea kona kidogo tu."

Mara ya pili hiyo. Ya kwanza ungesema ni hofu.

"Akosee nini!" akasema yule bwana. "Mkeo amesoma sawasawa. Wote wanaokuja hapa wanakuja na ramani hiyo hiyo, na wote wamesoma sawasawa. Mke wangu kila mwaka anaupaka rangi ule mlango upya, mvua ikiisha unakuwa mweupe. Na bado watu wanaupita. Wanasema ramani ni ya serikali."

Bwana Rula akaitazama chai yake.

"Mimi nilikuwa fundi wa mapaa," yule bwana akaendelea. "Miaka mitatu iliyopita vijana wawili wa chuo waliingia mle, mmoja akateleza. Nilishuka na kamba nikamtoa. Yeye akapona, mimi nikaanguka wakati wa kupanda. Nyonga. Sasa hata ngazi ya kubadilishia taa sipandi, anapanda mke wangu, mimi namshikia." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nina hamu na mtu mmoja tu duniani. Huyo aliyechora. Sitaki kumpiga, nitampigaje na magongo? Nataka kumwuliza tu aliona nini pale. Nyie watu wa mjini, hamumjui?"

Mama Kidole hakumwangalia mumewe. Mama mkwe alikuwa akisugua goti. Bwana Rula alitamani ardhi ipasuke immeze, na saa moja kabla ardhi ilikuwa imepasuka mbele yake, akaikimbia.

"Hatumjui," akasema Kidole.

Aliisema haraka, uso chini, huku akiikunja ramani ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikawa ya kutosha kiganjani. Mtoto aliyepigana shuleni kwa ajili ya jina la baba yake, leo amelikana ili kumsitiri. Na uongo huo hakuutoa kwa jirani. Alikuwa ameufundishwa asubuhi ile ile, mara mbili, na mwalimu alikuwa amekaa pale na kikombe cha chai mkononi. Bwana Rula aliona haya ambayo hajawahi kuiona.

Akaweka kikombe chini.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyechora. Mtoto ananisitiri. Na mke wangu hakukosea kona, nimemsingizia." Akamgeukia mkewe. "Nimekusingizia."

"Najua," akasema mkewe. "Nilikuwa nangoja utafika lini."

Yule fundi wa mapaa akamkazia macho. Hakupandisha sauti. "Haya. Niambie basi, uliona nini pale?"

"Sikuona kitu. Sikuwahi kufika."

"Sasa kwa nini ukachora?"

Bwana Rula akatafuta. Alitafuta sababu yoyote yenye uzito wa nyonga ya mtu, akapekua miaka yote kumi na sita, akaikuta moja tu. "Ilikuwa Ijumaa," akasema. "Nilitaka kuwahi nyumbani."

"Ijumaa," akarudia yule bwana. Mkewe alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. Aligeuka akaingia ndani, wakasikia sufuria likiwekwa kwa kishindo.

"Naomba samahani, ndugu yangu."

"Samahani yako nitaifunga wapi, kwenye nyonga?" Akanyoosha mkono akavuta gongo, akaligonga chini. "Andika. Ofisini kwenu si mnaandika? Andika hapa hapa nikikuona, niitume mwenyewe, ukifika mjini utabadilika."

Kidole akatoa daftari kwenye begi, akachana karatasi, akampa baba yake kalamu. Akampa na rula pia, kwa mazoea. Bwana Rula akairudisha. Akaandika ile fomu ya kuuliza aliyopaswa kuiandika wakati ule, maneno yake alikuwa bado anayajua kwa moyo, ila sasa ilibidi kuongeza. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Bila rula maandishi yakapanda na kushuka. Alipomaliza akampa mwenye nyumba.

"Mimi miwani sina," yule bwana akasema. "Asome mtoto."

"Nitasoma mimi," akasema Bwana Rula upesi.

"Wewe umeshatuchorea vya kutosha. Asome mtoto."

Kidole akasimama, akaishika karatasi kwa mikono miwili, miguu pamoja, kama anavyosimama mbele ya darasa. Akaanza kwa sauti yake ya shuleni, safi, kila neno mahali pake: namba ya ramani, mahali, korongo, hakuna daraja wala kivuko, njia ifutwe mara moja. Mama mkwe aliacha kusugua goti. Kisha Kidole akafika mstari wa mwisho, na sauti ikamshuka.

"Mstari huu haukupimwa na mtu yeyote," akasoma. "Aliyeuchora ni baba... ni mimi."

Bwana Rula alikuwa anatazama viatu vya binti yake, vimejaa matope mekundu mpaka kwenye kamba.

"Hapo sijasikia vizuri," akasema yule mwenye magongo. "Rudia."

Kidole akamtazama baba yake, na baba yake akatikisa kichwa kukubali. Akarudia.