Punda wa Adui

Hapakuwa na mtu mtaani kwetu Rosh Haayin asiyejua kwamba Yihya, fundi viatu, husoma kitabu kichwa chini miguu juu. Siku ya Sabato, wanaume wamejipanga kwenye mabenchi ya sinagogi na shuka zao za sala, yeye hukaa pembeni kabisa, kitabu amekipindua, na midomo inakimbia kama ya mtu anayeila Torati badala ya kuisoma. Mgeni akimwona humhurumia. Humgeuzia kitabu taratibu, kwa adabu, asimwaibishe. Yihya humshukuru, husubiri mgeni atazame kwingine, kisha hukirudisha kilivyokuwa.

Ulemavu huo, kama ni ulemavu, ulianzia Yemeni. Kijijini kwao milimani mwalimu alikuwa mmoja na kitabu kilikuwa kimoja, na watoto tisa wamekizunguka chini kwenye mkeka. Waliowahi walikaa mbele ya kitabu. Waliofuata walikaa ubavuni, wakajifunza kusoma kwa mshazari. Yihya kila asubuhi alikuwa na mbuzi wa kukama, kwa hiyo alifika wa mwisho, na nafasi iliyokuwa imebaki ni ile ya juu ya ukurasa, mkabala na mwalimu. Miaka mitatu akaziona herufi zote zikiwa zimesimama kwa vichwa vyao. Alipokuja kukishika kitabu kilicho wima, alikikodolea macho kama kuku aliyeonyeshwa gazeti.

Mkewe, Shamaa, hakuona tatizo lolote. Aliwaambia wenzake kisimani na baadaye, walipohamia nchi hii yenye mabomba, aliwaambia bombani: "Mume wangu viatu anavishona vimepinduka, na kitabu anakisoma kimepinduka. Angekuwa na chakula anakila kimepinduka ndiyo ningerudi kwa mama."

Tatizo lilikuwa mezani pa kusomea. Kwetu sisi Wayemeni mtu akiitwa kwenye Torati hasomewi na mwingine. Husoma fungu lake mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote. Na gombo la Torati si kitabu cha kupinduapindua. Ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono, inalazwa mezani kwa heshima, na msomaji husimama upande wa chini akielekea kabati takatifu yanamohifadhiwa magombo. Yihya basi kwa miaka kumi na tatu alikwepa kuitwa. Zamu yake ilipokaribia alishikwa na kikohozi, au alitoka kuangalia kama lango limefungwa. Lango la sinagogi letu lilikuwa kipande cha bati kisicho na komeo.

Kisha akaja Zekharia Nagar kuwa msimamizi. Huyu alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kengele, na aliijua Torati nzima kwa moyo, jambo ambalo hakuwaachia watu walivumbue wenyewe. Sabato yake ya kwanza alitembea katikati ya mabenchi, akamkuta Yihya, akakichukua kitabu mikononi mwake na kukigeuza mbele ya watu.

"Fundi," akamwambia, "hiki si kiatu."

Watu walicheka. Yihya naye alicheka, kwa sababu ilichekesha, lakini tangu siku hiyo salamu kati yao ilibaki ile tu isiyokwepeka, ya kutakiana Sabato ya amani, na hata hiyo waliitoa kama watu wanaolipa kodi.

Majira ya baridi ya mwaka ule, kumbukumbu ya kifo cha baba yake Yihya iliangukia juma moja na fungu la sheria zinazofuata zile amri kumi. Mtu mwenye kumbukumbu ya mzazi inampasa aitwe kwenye Torati. Mori Shalom, mwalimu wetu, mzee aliyekuwa amebakiwa na nuru kidogo tu machoni, alimtumia ujumbe mapema: safari hii hakuna kikohozi. Yihya alikwenda kwake akamweleza siri ambayo mtaa mzima uliijua. Mori akamwambia asimame upande wa juu wa meza, gombo liwe kichwa chini mbele yake, asome anavyojua.

Zekharia aliposikia alipinga, tena si kwa chuki tu. Alikuwa na hoja. Anayesimama upande ule, alisema, analigeuzia mgongo kabati takatifu.

Mori alimsikiliza hadi mwisho. "Zekharia, zile mbao za mawe alizoshuka nazo Musa ziliandikwaje?"

"Pande zote mbili," Zekharia akajibu, maana Torati aliijua kwa moyo.

"Basi mwache mwenzio akae upande wake."

Asubuhi ya Sabato hiyo Yihya alipanda jukwaani, akasimama upande wa juu wa meza. Gombo lililotolewa ni lile tulilokuja nalo kutoka Yemeni, ambalo kasha lake la mbao lilibaki njiani, kwa hiyo lililala wazi mezani. Zekharia alisimama upande wa chini kumsikiliza. Nyuma ya pazia la wanawake Shamaa alikuwa amemshika jirani yake kiganja kwa nguvu kiasi kwamba jirani alikuja kulalamika baadaye.

Yihya alisoma baraka. Kisha akaanza fungu lake, na sauti ikatoka nzuri, nyembamba, ya kijijini kabisa, kila herufi imetamkwa kooni inapostahili. Wazee wakaanza kufumba macho. Akafika pasemapo kwamba ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimwache hapo, msaidie. Punda kwa Kiebrania ni hamor. Yihya akasoma hamod.

Hamod ni kipenzi. Ni neno wanaloimbiwa watoto wachanga wakiogeshwa.

"Hamor," akamrekebisha Zekharia. Mabenchi nayo yakamrekebisha, kwa kuwa kwetu kosa la msomaji halimezwi. Hata mtoto ana ruhusa ya kulipigia kelele. Yihya akainama, akatazama, akasoma tena: hamod.

Kicheko kikatanda. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwamba kipenzi wa adui yake akianguka, yeye angemwinua bila kuamriwa na Torati. Pazia likatikisika, mke wa mtu huyo alikuwa amemsikia.

Yihya alikuwa amelowa jasho. Angeweza kusema hamor yakaisha. Lakini alilelewa kwamba neno la Mungu husomwa jinsi lilivyoandikwa, na kwamba herufi moja ikiharibika gombo zima halisomeki hadi litengenezwe.

"Mori," akasema, "mimi nasoma kilichopo. Hapa pana herufi daleti."

"Daleti iko kichwani mwako," akasema Zekharia, "na kichwa chako ndicho kilichopinduka."

Mori akanyoosha mkono watu wanyamaze. "Zekharia, wewe hapo umesoma, au umekumbuka?"

 Zekharia akainama juu ya ngozi. Reshi, ile r inayomalizia hamor, ina bega la mviringo. Daleti, ndugu yake, ile d ya hamod, ina pembe. Katika gombo lile begani pa reshi palikuwa na wino uliotuna, pengine tone la unyevu wa safarini. Ilikuwa pembe, au ilikuwa uchafu? Wanaume wakapanda jukwaani mmoja mmoja kuangalia, na kila aliyeshuka alishuka na rai yake. Waliolijua neno kwa moyo waliona punda. Waliokuwa na mashaka waliona kipenzi. Mori mwenyewe asingeweza kuona hata punda mzima.

Sheria ya jambo hili ipo, ya kale. Herufi ikitiliwa shaka, huitwa mtoto anayejua herufi tu, asiye mwerevu wala mjinga. Mwerevu atabahatisha neno kwa maana yake. Mjinga hatajua kitu. Basi Mori akaelekeza uso kwenye pazia, akaomba mtoto wa namna hiyo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama wa kwanza akasema wake angefaa, ila kwa bahati mbaya ni mwerevu mno. Wa pili akasema wake ameshamaliza Zaburi. Wa tatu alikasirika kwamba macho ya watu yalimgeukia. Katika mtaa wa kaya mia nne, siku hiyo iligundulika kwamba hakuna mtoto wa kawaida hata mmoja.

Mwishowe Badra, mke wa Zekharia, akainua pazia kidogo. "Mchukueni Nahum wangu. Babaye anamwita mwanachuoni, lakini mimi ndiye ninayemtafutia kiatu cha kushoto kila asubuhi."

Nahum, mwenye miaka sita, akapandishwa juu ya kiti. Baba yake akayafunika maneno mengine kwa kitambaa, ikabaki herufi moja.

"Hii ni nini?" Mori akauliza.

"Daleti."

"Tazama vizuri, mwanangu," akasema Zekharia.

"Mtoto ameulizwa mara moja," akasema Mori, "na amejibu mara moja. Mpeni karanga."

Hakuna aliyecheka safari hii. Gombo likafungwa, mkanda ukazungushwa juu ya kitambaa liwe na alama kwamba halisomwi, na likatolewa la pili. Na la pili lilikuwa zuri, la ukoo wa Nagar, ndani ya kasha zito la mbao lenye pembe nane. Gombo la namna hiyo husomwa limesimama wima ndani ya kasha lake. Aliye nyuma yake haoni herufi, anaona mbao.

Yihya akalitazama kasha. Fungu lake lilikuwa halijaisha, wala baba yake hakuwa na mwana mwingine. Akaanza kuzunguka meza kwenda upande wa chini, polepole, kama mtu anayekwenda kujiaibisha kwa miguu yake.

"Kaa hapohapo," akasema Zekharia, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua anayo.

Akalikumbatia kasha, akalilaza chali juu ya mikono yake miwili, maana meza ilikuwa na mwinamo na lingeteleza, akaligeuza kichwa kikawa upande wa Yihya. Akalishikilia hivyo. Yihya akarudia baraka, akaanza tena kwenye sheria ya punda, na safari hii punda alikuwa punda. Alisoma bila haraka. Wengine wanasema alisoma polepole kuliko inavyotakiwa, na mimi sitaapa kwamba hakufanya makusudi. Uso wa Zekharia uligeuka mwekundu, kisha wa zambarau, lakini kasha halikutikisika mpaka amina ya mwisho.

Mwandishi wa magombo alikuja kutoka mjini Jumatatu, akaikwangua ile herufi na kuiandika upya. Kabla ya kuondoka alimwomba Yihya alipitie gombo lote kutoka upande wake, na Yihya akampatia makosa mengine mawili. Baada ya hapo hakuna gombo lililoingia mtaani kwetu bila kupita kwanza kwa fundi viatu, na yeye hakuchukua malipo ila kikombe cha kahawa ya maganda ya buni yenye tangawizi.

Zekharia alitembea juma zima mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Waliomuuliza aliwaambia amenyanyua kreti la machungwa kazini. Badra, akiulizwa, alisema kweli, kwamba ni lile kasha.